Injini ya Mama Kinu

Basi lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba, saa tano asubuhi, wakati ambao mtaa mzima uko macho na wasio na kazi wameshakaa vibarazani. Lililolivuta lilikuwa trekta la kubebea taka. Nyuma, kwenye usukani, alikaa Taratibu ndani ya shati lake la kazi lililopigwa pasi, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha kweli. Hakutazama kulia wala kushoto.

"Leo Taratibu kapata wa taratibu kuliko yeye!" alisema mwanamke mmoja kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na foleni yote ikaangua kicheko.

Mama Kinu hakucheka. Alizima mashine, akajipangusa unga usoni kwa ncha ya kitambaa, akatoka nje. Dereva huyo anayechekwa alikuwa mumewe. Watu walimpa jina la Taratibu kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya udereva hakuwahi kulipita gari lolote isipokuwa lililosimama. Yeye naye walimwita Mama Kinu kwa ajili ya mashine yake, iliyokaa kwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yao na kuusagia mtaa mahindi yake kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Ukiisikia imenyamaza mchana ujue kuna msiba au kuna tatizo.

"Limefanya nini?" alimuuliza mumewe.

"Limegonga mara moja, kwa nguvu, kwenye kilima. Kisha kimya."

"Na watoto?"

"Wametembea. Walimu pia wametembea." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika kidogo, kwa kuwa basi lile liliishi kwa kazi moja tu, kupeleka wanafunzi na walimu wa shule iliyo ng'ambo ya kilima, asubuhi na alasiri. Mwalimu mkuu alishamwambia pale pale barabarani, viatu vimejaa vumbi: Jumatatu ijayo basi lisipokuwa getini, shule itatafuta jingine.

Fundi Kesho aliitwa aje kuliangalia. Mzee huyo hakuwahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, lakini kazi yake ikishakwisha hairudi, na kwa hiyo watu walimvumilia. Alilala chini ya basi, akaingiza mkono kwenye ubavu wa injini na kuutoa ameshika kipande cha chuma kilichopinda.

"Mkono wa pistoni umevunjika, ukapiga ukuta ukatokea nje. Tundu lake napitisha ngumi. Injini hii si ya kufungua, wanangu, ni ya kuzika."

"Dawa yake?"

"Injini nyingine. Ya mtumba, ukibahatika, ni nauli ya miezi kumi na minne. Tena msile wala msivae."

Halafu, bila kukusudia, macho yake yakahama kutoka kwenye basi, yakavuka ua, yakatua kwenye kibanda cha mabati. Ndani ya kibanda kile, iliyokuwa ikizungusha mawe ya kusagia ilikuwa injini ya lori bovu, ya silinda sita, iliyotoka kiwanda kimoja na ile ya basi. Ndugu wa tumbo moja. Mama Kinu aliyaona macho yale yalivyokwenda na yalivyorudi.

*

Kesho yake alasiri ukoo ulikaa sebuleni kwake kuijadili injini yake, naye akawapikia chai.

Ukoo wenyewe ulikuwa watu watatu: Taratibu, dada yake aliyeitwa Dada Mkubwa, na mama yao mzazi. Mama mkwe alikuwa mzee sana na alizoea kusinzia mikutanoni. Dada Mkubwa hakusinzia popote. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na, ingawa alishastaafu, ulimi wake haukustaafu. Baba yao alipofariki aliacha basi, na Dada Mkubwa ndiye aliyelishika: kadi ya gari iko kabatini kwake, nauli zinaingia kwenye mkoba wake, na kila Jumamosi hupanda kiti cha mbele kukagua, kama hakimu anayetembelea gereza. Taratibu alikuwa akilipwa mshahara katika basi la baba yake mwenyewe. Kilichokuwa kikilisha nyumba ile, kulipa ada na kununua hata sabuni ya kufulia shati la dereva, ni mashine.

"Tumelichunguza jambo," alianza Dada Mkubwa, na haikujulikana ni nani mwenzake katika huo uchunguzi. "Basi linalala wapi? Hapa uani. Jirani yake ni nani? Mashine ya unga. Unga unapaa, unaingia injini, injini inakufa. Mtoto mdogo anaelewa."

Mama Kinu alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

"Unga wangu umeua basi?"

"Sisemi umefanya makusudi, wifi. Ingawa wapo wanaosema hukuwahi kulitakia mema. Ninachosema mimi ni fidia. Aliyeharibu hulipa. Injini yako inaingia kwenye basi la familia, tunasameheana, maisha yanaendelea."

"Na mashine?"

"Wapo wenye mashine za umeme kule juu. Watu hawatakufa njaa."

"Injini ile nilinunua mimi. Nilishona sare za shule miaka minne. Risiti ninayo."

"Risiti!" Dada Mkubwa alicheka kwa pua. "Injini imesimama kwenye kiwanja cha marehemu baba."

"Hata mimi nimesimama kwenye kiwanja hicho. Mbona hamjaniletea spana?"

Mama mkwe alifumbua jicho moja. Dada Mkubwa aliweka kikombe chini polepole, akamgeukia mdogo wake. "Unamsikia mkeo anavyonijibu?"

Sebule nzima ilimngoja Taratibu. Yeye alikitazama kikombe chake kana kwamba jibu liko chini ya majani ya chai. "Dada," alisema mwishowe, "tusigombane." Kisha akanywa chai iliyokwisha.

Hapo Mama Kinu aliumia. Ya wifi aliyazoea, wifi ni wifi. Lakini alikuwa amekaa na mwanamume huyo miaka kumi na sita, na alimjua anapokuwa mwoga na anapokuwa mwongo. Aliona kwamba leo hakuwa mwoga tu. Kuna kitu alikuwa amekikalia.

"Sitoi," alisema, akakusanya vikombe, hata kile cha Dada Mkubwa ambacho kilikuwa bado nusu.

*

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla foleni haijafika mitaani, Fundi Kesho alitokea na sanduku la spana. Alipofika kibandani alimkuta Mama Kinu ameketi juu ya injini, miguu inaning'inia, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama, nimetumwa."

"Najua. Leo ndiyo leo kumbe, wewe uliyezoea kesho."

Mzee aliona haya. Aliketi juu ya sanduku lake. Wanawake wawili wa kwanza walikuwa wameshaweka ndoo zao chini, na walipoona mambo yako hivyo hawakuwa na haraka tena ya kusagiwa.

"Nikuulize, fundi, nawe una mvi," alisema Mama Kinu. "Unga unaua injini?"

"Unga unaweza kuziba kichujio cha hewa. Gari likose nguvu, litoe moshi. Kuvunja chuma, hapana."

"Jana ulikuwa wapi nilipohitaji maneno hayo?"

"Hakuna aliyeniuliza. Yule wifi yako alisema, fundi, lete spana. Basi, nimeleta."

"Ilikufa na nini?"

"Sijatafuta. Maiti ikishatoboka ubavu, nani anaitafutia homa?"

"Mimi," alisema Mama Kinu. Aliweka ungo chini, akaruka. Kabla hajatoka alifungua bomba dogo la mafuta kwenye injini yake, akalitia mfukoni. Bila bomba hilo injini ile ingekuwa jiwe tu. Wale wanawake wawili walimfuata nyuma na ndoo zao.

Fundi Kesho alifungua boliti chini ya injini ya basi, na badala ya oili ya kujaza karai wakapata kidogo, nzito, nyeusi, isiyofika hata robo ya kikombe. Hapakuwa na chembe ya unga. Alipapasa mpaka akapata gasketi iliyopasuka, na njia nyeusi ya mafuta yaliyovuja siku nyingi.

"Imekauka," alisema, na sasa alikuwa na hasira ya kifundi. "Imekwenda kavu! Lakini haiwezekani. Gari hili taa yake ya oili nilifunga mimi mwenyewe. Oili ikipungua inawaka nyekundu mbele ya uso wa dereva. Kipofu angeiona."

Walipanda. Mama Kinu aliketi kwenye kiti cha mumewe, mara ya kwanza maishani. Mbele yake, juu ya dashibodi, kulikuwa na stika moja kubwa ya njano yenye maandishi meusi: USIWE NA HOFU. Aliikumbuka. Dada Mkubwa alizichapisha stika hizo nyingi, akabandika kwenye milango, vioo, mpaka kwenye mgongo wa kiti.

"Washa swichi," alisema fundi.

Alizungusha ufunguo. Injini haikuweza kujibu, lakini betri ilikuwa hai, na stika ikawaka. Wekundu ulijaa chini ya karatasi, na yale maneno meusi yakasimama katikati yake, USIWE NA HOFU.

Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa amesimama ngazini na ndoo yake, akasema, "Haki ya Mungu," na akashuka kwenda kuwaambia wengine.

*

Taratibu alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha mazulia ya basi lisilokwenda. Mama Kinu alisimama mbele yake na kuiweka stika juu ya zulia lililolowa. Alikuwa ameibandua kwa kucha.

"Nani aliibandika?"

Alitazama stika, akatazama maji. "Dada."

"Lini?"

"Miezi miwili. Alikuwa amekaa mbele, abiria mmoja akaiona taa, akaanza kuuliza. Dada akasema inatisha watu, inaharibu jina la basi. Akaifunika."

"Na wewe ulijua iko chini yake inawaka."

"Nilikuwa naongeza oili kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita alisema nauli haikutosha, nisubiri." Aliachia brashi. "Nilisubiri."

"Kwa hiyo jana, nilipoambiwa unga wangu umeua basi, mbele ya mama yako, kwenye viti vyangu, wewe ulikuwa unajua."

"Ningemuumbua dada yangu mbele ya mama?"

"Ukaona heri niumbuke mimi."

Mwenye Kiswahili chake alisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe hiki hapa, kiko uani kimeegeshwa, kina viti arobaini. Mama Kinu alitamani kupiga kelele. Alitamani pia kuketi na kulia, maana alimpenda mtu huyu, na alimpenda kwa upole ule ule uliomtia sasa kichefuchefu.

"Nisikilize," alisema. "Wewe huwezi kusema hapana. Umezaliwa hivyo, au umelelewa hivyo, sijui. Taa ikawaka, ukanyamaza. Dada akasema usubiri, ukanyamaza. Sasa wanataka kuichukua injini yangu waitie mahali pale pale, chini ya stika ile ile, na wewe unyamaze tena mpaka nayo itoboke. Halafu watakuja kuchukua nini? Sufuria?"

"Na shule je? Jumatatu wakipata gari jingine, mimi ni nani?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi kazi nyingine siijui. Nitakaa kibandani kwako nikushikie magunia?"

Swali hilo lilimkaa. Lilikuwa swali la haki, na hakulipenda kwa sababu hiyo. Injini ikibaki kibandani, mumewe amekwisha. Ikiingia kwenye basi, amekwisha yeye, na watoto wamekwenda na maji, kwa sababu mkoba wa Dada Mkubwa unafunguka kwa ndani tu. Alirudi kibandani, akalirudisha bomba la mafuta, akasaga ndoo kumi na saba bila kusema na mtu. Alikuwa akiutazama mkanda. Ulitoka kwenye puli ya injini, ukazunguka puli ya mawe, ukarudi. Mkanda haukujali injini imekaa wapi. Ulichotaka ni kitu kinachozunguka.

Saa tisa alizima, akavuka ua, akasimama mbele ya gurudumu la nyuma la basi.

"Fundi!" aliita. "Hebu njoo uniambie kama mimi ni mwendawazimu."

Fundi Kesho alisikiliza, ameshika kidevu. Injini iingie kwenye basi, na basi likirudi kutoka shule likae pale, ubavuni mwa kibanda. Upande mmoja wa nyuma uinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo. Gurudumu la nje litolewe, mahali pake ifungwe puli kwenye boliti zile zile. Tundu litobolewe kwenye mabati, mkanda upite.

"Gea ya pili," alisema mzee, kana kwamba anaongea na gurudumu. "Oili iwe imejaa. Mawe yatazunguka." Alianza kucheka, kicheko cha ndani kilichomtikisa mabega. "Mama, si mwendawazimu. Baba yangu alipasua mbao hivyo hivyo kwa lori. Nilikuwa nimesahau."

"Itachukua muda gani?"

Mzee alifungua mdomo kwa mazoea yake, akaufunga. "Jumapili," alisema. "Jumapili imekwisha."

*

Ijumaa Mama Kinu, mumewe na wifi yake walikuwa kwenye ofisi ya magari, wote watatu kwenye benchi moja, Taratibu katikati. Huwezi kubadilisha injini ya basi la abiria bila namba yake kuandikwa kwenye kadi, na namba haiandikwi bila karatasi ya mwenye injini. Dada Mkubwa alilijua hilo kuliko wote. Ndiyo maana alikuja na hati aliyoiandika mwenyewe, kwa lugha ya mahakama, inayosema kwamba Mama Kinu ameitoa injini yake kwa familia kwa hiari na bila kudai. Aliitandaza juu ya mapaja ya Taratibu.

"Utie sahihi hapa, wifi. Mambo ya stika yamezungumzwa, yamekwisha. Mimi nilikuwa nalinda jina la basi."

"Nami nimekuja na yangu," alisema Mama Kinu. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la mtoto. Injini ni yangu, inabaki yangu. Nimeliazimisha basi tu. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu mpaka saa nane, basi litakuwa ubavuni mwa kibanda changu na injini itanisagia. Oili itajazwa kwanza, nauli itahesabiwa baadaye. Taa haifunikwi. Kimoja kikivunjwa, naichukua.

Dada Mkubwa alisoma, midomo ikibana zaidi kila mstari. "Basi la marehemu baba lisage unga? Lifungwe jeki kama gari bovu, watu wakilitazama? Afadhali lioze."

"Lioze basi. Jumatatu si mbali."

"Nyie wa dirisha la tatu!" aliita karani.

Alikuwa mwanamume aliyechoka, mwenye mhuri mkononi. Mbele ya dirisha foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wamesogea kusikiliza, maana foleni haina siri. Alichukua kadi ya gari, akatazama namba mpya. "Injini hii ni ya nani?"

"Ya familia," alisema Dada Mkubwa.

"Familia haina sahihi, mama. Mtu. Nani mwenye injini?"

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake. Ni mtazamo aliomlelea tangu utotoni, ulionyamazisha vilio na maswali, na Mama Kinu aliona mabega ya mumewe yakianza kushuka kama kawaida. Alikuwa na risiti mkononi na angeweza kuisukuma dirishani. Hakuisukuma. Alingoja, kwa sababu kama hili nalo litasemwa na yeye, basi hana mume, ana abiria.

"Ni ya mke wangu," alisema Taratibu.

Ilikuwa sauti ndogo. Karani hakusikia vizuri. "Ya nani?"

"Ya mke wangu!" Sasa watu wa nyuma kabisa waligeuka. Jasho lilikuwa limemtoka puani, lakini hakukoma. "Aliinunua yeye, kwa cherehani. Ya kwanza ilikufa kwa sababu taa iliwaka nami nikanyamaza. Karatasi ya kushika ni hiyo ya daftari. Kama si hiyo, mimi siendeshi. Dada atafute dereva."

Dada Mkubwa alifungua mdomo. Miaka thelathini ya mahakama haikumpa hata neno moja. Alifungua mkoba wake, akatoa kalamu, na kwa kuwa Jumatatu ilikuwa inamngoja yeye pia, akatia sahihi chini ya mwandiko wa wifi yake. Karani alipiga mhuri, akaita wanaofuata.

*

Fundi Kesho alimaliza Jumapili, saa kumi jioni, na mtaa ulizungumza habari hiyo kuliko habari ya injini.

Jumatatu basi lilipeleka shule, likarudi, na saa tatu kasoro lilikuwa ubavuni mwa kibanda, mguu mmoja hewani. Watu walikuja wengi, wenye mahindi na wasio nayo. Wapo waliokuja kucheka. Taratibu aliwasha, akatia gea ya pili, na gurudumu likaanza kuzunguka na puli yake. Mkanda ulipiga makofi mawili matatu kwenye mabati, ukakaa sawa. Ndani ya kibanda mawe yaliguna, kisha yakakolea, na unga ukaanza kushuka mdomoni mwa mashine, mweupe na wa moto, kama siku zote. Mama Kinu aliushika kwa vidole, akausugua, akaunusa. Ulikuwa laini kuliko wa zamani. Alilia kidogo, na kwa kuwa alikuwa ndani ya wingu la unga hakuna aliyejua.

Saa sita Dada Mkubwa alifika, amevaa vizuri, mkoba kwapani. Alitaka kupelekwa mjini.

"Literemsheni," alisema. "Nina haraka."

"Lina kazi mpaka saa nane, wifi," Mama Kinu alipaza sauti juu ya kelele. "Karibu kivuli."

"Hili ni basi la baba yangu!"

"Basi, ndiyo."

Foleni ilikaa kimya kwa furaha. Dada Mkubwa aligeuka kutafuta wa kumuunga mkono, na akamwona mama yake mzazi. Kikongwe alikuwa amesimama mtu wa tisa, amejiegemeza kwenye fimbo, na kindoo cha mahindi miguuni. Hakuna aliyemwona akija.

"Mama! Wewe umesimama foleni? Kwa mke wa mwanao?"

"Nimeikuta foleni, nimesimama," alisema kikongwe. "Marehemu angecheka mpaka akohoe. Shika hiki kindoo, mwanangu, kimenichosha. Na usisukume watu."

Ikawa hivyo. Karani wa mahakama wa miaka thelathini alishika kindoo cha mama yake, na kila foleni iliposogea naye alisogea, hatua moja moja, unga ukitua taratibu juu ya nywele zake zilizotengenezwa.

Saa nane kamili Mama Kinu alifungua mkanda, akaukunja, akautundika kwenye msumari. Fundi Kesho alirudisha gurudumu na kushusha jeki, na basi likakanyaga chini kwa miguu yote. Taratibu alipanda. Alizungusha ufunguo, na kwenye dashibodi iliyokwanguliwa, pale ambapo bado palikuwa na gundi ya stika, taa ikawaka nyekundu. Aliingoja. Injini ilishika, ikanguruma, na alitoa kichwa dirishani.

"Taa imezimika!" alitangaza, kwa sauti iliyomfikia mkewe mlangoni, na foleni, na dada yake aliyekuwa bado na watu watatu mbele yake na sasa angengoja mpaka kesho.

"Nimesikia," alisema Mama Kinu. "Haya, nenda. Na uirudishe."